Mbwa koko wangu apasuliwe leo leo: mchango nauombaje bila kuonekana tapeli?

TuktukYaMtambo aliuliza:

Ndugu zangu wa Mombasa, salamu. Nina haraka, mnisamehe nikiandika ovyo.

Mimi ni dereva wa tuktuk, stendi yangu ni Bamburi Mtambo. Nina mbwa mdogo, hajatimiza miezi mitano, anaitwa Kachiri. Ni koko tu. Mzee mmoja wa Utange alinipa bure baada ya wezi kung'oa betri ya tuktuk nje ya ploti yetu. Tangu ajue kubweka, hakuna mkono uliogusa tuktuk usiku. Na binti yangu hali chakula cha jioni mpaka amwone Kachiri amekula.

Juzi alianza kutapika. Akinywa maji yanarudi. Uji wa dagaa ambao huwa anaupigania, jana aliunusa tu akageuza kichwa. Choo hakuna. Leo alfajiri nilimkuta ameinamisha kifua chini, matako juu, anatetemeka, nikambeba hadi kliniki ya mifugo huku Nyali.

Daktari alimbonyeza tumbo taratibu kwa vidole, huku na huku, akasimama mahali pamoja. Kisha akanishika mkono, akaniwekea vidole pale pale. Kuna kitu kigumu kinachoteleza ndani, na nilipokigusa mtoto wa watu akalia. Ultrasaundi ikaonyesha kipande cha gunzi la hindi kimeziba utumbo mwembamba. Nyuma ya ploti yetu ndipo wachoma mahindi wanapomwaga takataka zao, kwa hiyo sikushangaa.

Upasuaji na dawa zote ni 28,000, nusu itangulie kabla ya kisu. Mimi ninazo 6,500, na hizo nilikuwa nimeziweka za rejesho la mkopo wa tuktuk.

Sasa mwanipa shauri gani? Mitandaoni picha za wagonjwa wa uongo zimejaa. Nikiweka picha ya mbwa na nambari yangu ya simu, nani ataniamini? Na pale stendi wenzangu wameshanicheka: "Koko mwingine si utampata bure kesho?" Naona haya kuomba, lakini naomba.

---

MwekaHazina_Kisauni:

Mdogo wangu, pole sana. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama hapa Kisauni. Michango ya matanga, harusi na hospitali imepita mikononi mwangu kuliko unga wa chapati, kwa hiyo nisikilize.

Nambari yako ya simu usiitoe kabisa. Mwambie daktari akupe till ya kliniki, yaani nambari yao ya kupokelea malipo ya M-Pesa, watu walipe huko moja kwa moja. Mtu akiingiza till, jina la kliniki linamtokea kwenye simu kabla hajabonyeza kukubali, na hapo maneno ya utapeli yanaisha yenyewe. Halafu anayelipa kwa till hakatwi ada, hata mwenye hamsini yake inafika hamsini. Mwambie kila mtu akutumie ule ujumbe wa M-Pesa baada ya kulipa, maana kliniki inapokea malipo ya wateja wengine pia, na jioni mtashindwa kujua ya Kachiri ni yapi. Kaa na mtu wa mapokezi mlinganishe mmoja mmoja.

Pili, omba karatasi ya makadirio yenye mhuri na tarehe ya leo. Ipige picha. Hiyo ndiyo uitangulize kwenye magrupu, picha ya mbwa ifuate. Watu wanapenda macho ya mbwa lakini wanatoa pesa kwa karatasi.

Tatu, usiseme "chochote utakachojaliwa". Ukisema hivyo kila mtu anangoja mwenzake. Sema: "Nimepungukiwa na 7,500 kabla ya saa nane mchana, natafuta watu sabini na tano wa mia mia." Mia ni pesa ambayo mtu haihitaji kumuuliza mume. Kila mchango ukiingia, andika jina na kiasi kwenye orodha, uirudishe kwenye grupu. Orodha ikishafika majina kumi, wa kumi na moja anaona aibu kutokuwemo. Ndivyo tulivyo, tusidanganyane.

Mambo ya M-Changa, ule mtandao wa kuchangisha, ni mazuri kwa mchango wa wiki nzima, lakini wana ada yao, na wewe unahesabu saa.

Anza na abiria wako wa kila siku. Hao wanakujua uso.

---

Baharia_Likoni:

Mimi nitasema wanachoogopa kusema wengine. Jirani yangu anatafuta pesa za kusafisha figo, mara mbili kwa wiki. Watoto wamerudishwa nyumbani kwa karo. Halafu 28,000 ya koko? Huyo hata si mbwa wa polisi. Kwa pesa hiyo unaajiri mlinzi mwezi mzima na chenji inabaki.

Sikutukani, bwana tuktuk. Ila usishangae watu wakinyamaza.

---

DaktariWaMifugo_Pwani:

Baharia, mwacheni kijana kwanza, saa zinakwenda.

Tuktuk, utumbo ukiziba, maji na gesi vinajaa nyuma ya kile kizuizi, ukuta wa utumbo unavutika na damu inakosa kupita. Sehemu hiyo ikifa inatoboka, uchafu unamwagika tumboni, na hapo hata ukija na laki moja huenda tusimwokoe. Gunzi haliyeyuki, na kwa mbwa wa ukubwa huo, likishakwama namna hiyo sitarajii litoke lenyewe. Ndiyo maana mwenzangu amekwambia leo.

Ukiwa hapo kliniki, uliza haya. Je, hiyo 28,000 ni ya kufungua utumbo, kutoa gunzi na kushona tu? Ikiwa kipande cha utumbo kimeshaharibika, itabidi kikatwe na ncha ziunganishwe, na kazi hiyo ni ndefu na bei hupanda. Bora ujue sasa kuliko kupigiwa simu mbwa akiwa amelala mezani. Uliza kama ndani yake kuna dripu, nusukaputi, kulala usiku, na kutolewa nyuzi. Na uliza kama nusu ya pili unaweza kuilipa kwa awamu. Wengi wetu tunakubali kama mtu ameacha kitambulisho na ametanguliza kitu cha maana. Tusipoulizwa, hatusemi!

Dripu ianze sasa hivi, hata kabla ya pesa ya upasuaji kutimia. Ameshapoteza maji mengi kwa kutapika, na mbwa aliyekauka akipigwa nusukaputi ni hatari. Ukitaka kujua hali yake, bonyeza ufizi kwa kidole kisha uachilie. Weupe unatakiwa kurudi rangi ya waridi ndani ya sekunde mbili. Rangi ikichelewa kurudi, mwambie daktari.

Asipewe chakula, maziwa, wala mafuta ya uto eti gunzi liteleze. Na tafadhali, Brufen na Panadol za binadamu zikae mbali naye, zinaweza kuua mbwa.

Kwa wanaosoma: mnaweza kuuliza jina la daktari na kuhakikisha amesajiliwa na bodi ya madaktari wa mifugo, KVB. Ni haki yenu, wala si utovu wa adabu.

---

TuktukYaMtambo:

Mama mweka hazina, Mungu akuweke. Till nimepewa, karatasi nimepiga picha, orodha imeanza. Daktari, dripu iko mguuni, na fizi zinarudi polepole kidogo, nimemwambia mwenzako akasema ameliona. Amekubali nusu ya pili kwa awamu tatu. Bei ikipanda kwa sababu ya kukata utumbo, haitazidi 36,000, ameandika kwa mkono chini ya karatasi na kutia sahihi.

Baharia, nimekuelewa na sikasiriki. Mlinzi wa mwezi mmoja ni kweli ningempata. Lakini mimi simchangishi aliye na mgonjwa wa figo, namchangisha mwenye mia ya soda. Na binti yangu amekaa hapa na sare ya shule, ameshika mkia wa Kachiri, hajaniuliza bei hata mara moja. Wewe ungemwambiaje?

---

MzeeWaTudor:

Wanangu, asalaam aleikum. Mimi mbwa simsogelei. Mate yake yakinigusa ni kuosha mara saba, moja kati yake kwa mchanga, na kwa magoti haya sina nguvu ya kuinama kutafuta mchanga. Hata paka wa jirani nina maneno naye.

Lakini sote tumefunzwa madrasa habari ya yule aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa madhambi yake. Hakuulizwa kama mbwa yule alikuwa wa polisi.

Nimelipa mia mbili kwa ile till. Mjukuu ndiye aliyebonyeza, jina la kliniki nimelisoma mwenyewe kwa miwani. Andika "Mzee", inatosha.

---

TuktukYaMtambo:

Nimetoka kliniki sasa hivi, foleni ya Nyali hamuwezi kuamini.

Kachiri yu hai. Kabla ya saa nane tulikuwa tumeshavuka nusu, abiria wangu wa Kiembeni peke yao walileta 3,400, na mama mmoja wa viazi karai alitoa mia tano taslimu nikalipa mwenyewe kwa till mbele yake. Utumbo ulikuwa umebadilika rangi lakini haukufa, kwa hiyo hawakukata kipande, bei imebaki 28,000. Gunzi nimeonyeshwa kwenye kibakuli cha chuma, refu kama kidole gumba, limekuwa jeusi.

Hesabu: michango 15,250, zangu 6,500, jumla 21,750. Deni 6,250, awamu ya kwanza mwisho wa mwezi. Picha za risiti na orodha nzima nimeweka kwenye grupu la stendi, anayetaka nimtumie aseme. Mchango nimeufunga. Kuna watu wanaendelea kulipa, nimemwomba mtu wa mapokezi awarudishie au azihesabu kwenye deni wakikubali.

---

MwekaHazina_Kisauni:

Usimwachie mtu wa mapokezi aamue. Wapigie wewe mwenyewe mmoja mmoja, uwaulize, uandike jibu. Na deni la awamu usilipe kutoka kwenye pesa ya rejesho la tuktuk, utakuja kuchangisha ya tuktuk sasa.

---

DaktariWaMifugo_Pwani:

Alhamdulillahi. Sasa usilale usingizi wa ushindi. Siku ya tatu hadi ya tano ndizo tunazoziogopa, mshono wa ndani unaweza kuachia. Akitapika tena, akikataa chakula, tumbo likijaa au mwili ukichemka, mrudishe usiku huo huo, usingoje asubuhi. Chakula laini kidogo kidogo, mara nne au zaidi kwa siku. Ile kola asivuliwe hata binti akilia, maana mbwa hufungua nyuzi zake kwa ulimi. Nyuzi za nje hutolewa baada ya siku kumi hadi kumi na nne.

Akishapona apate dawa ya minyoo na chanjo ya kichaa cha mbwa, hiyo ni kila mwaka. Ukikosa pesa, fuatilia matangazo ya kaunti mwezi wa tisa, chanjo za bure hutolewa sehemu nyingi karibu na tarehe 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Na zungushia wavu nyuma ya ploti, hao wachoma mahindi hawahami.

---

Baharia_Likoni:

Mimi bado siungi mkono. Ila nimepitia ile orodha jina kwa jina na hesabu imekaa sawa, kuna vyama vya watu wazima vimeshindwa na hilo. Ile ya jirani yangu wa figo, mama mweka hazina, unaweza kunisaidia kuipanga hivyo hivyo? Hospitali yao inatumia paybill, si till.

---

MwekaHazina_Kisauni:

Paybill ni rahisi zaidi, nambari ya mgonjwa ndiyo akaunti, kila shilingi inajulikana ni ya nani. Niandikie faraghani, njoo na karatasi yenye mhuri.