Swichi 4 za mtandao zimefuatana kama mkufu, mtandao unakatika: nipange vipi?

Mdau_Kkoo: Wakuu, habari za kazi. Ofisi iko Kariakoo, kompyuta 26 na printa 3. Ruta na swichi ya kwanza ziko chini. Hiyo inalisha ya ghorofa ya kwanza, nayo inalisha ya pili, hadi ya tatu. Ya ghorofa ya kwanza ikizimika, wote wa juu wanakosa mtandao. Nikirudisha waya kutoka swichi ya juu kabisa hadi ya chini ili iwe pete, nitapata njia ya pili?

Fundi_Nyaya: Mkuu, huo waya usiuchomeke! Swichi za kawaida zisizo na STP (mfumo wa kugundua na kuzima njia inayozunguka) hazitambui mzunguko. Kompyuta ikiuliza "nani ana IP (anwani ya mtandao) hii?", swichi inasambaza swali kwenye poti zote, linazunguka, linarudi, linasambazwa tena bila kikomo, kwa sababu fremu ya Etheneti (kifurushi cha data kwenye waya) haina kihesabio cha kuifuta. Sekunde chache tu taa zote zinapepesa kwa pamoja na mtandao mzima unaganda.

Panga nyota. Swichi ya chini iwe kuu, kama ni ya gigabiti, na kila ghorofa ipate waya wake kutoka hapo. Wa ghorofa ya kwanza unao tayari, kwa hiyo unavuta 2 tu. Swichi ya ghorofa ikifa, inakufa peke yake. Ya chini ikifa mmekwisha wote, basi ikae kwenye UPS (betri ya kushika umeme ukikatika) na swichi ya akiba iwepo kabatini. Mesh kamili ya swichi 4, yaani kila moja kuungwa na kila nyingine, ingedai waya 6, tena na STP. Kwa ofisi hiyo ni hasara.

Mdau_Kkoo: Shukrani mkuu. Na waya wenyewe?

Jozi_Nne: Cat6 ya shaba tupu, isizidi mita 100 pamoja na vipande vya mwisho vya kuchomeka kwenye vifaa. Kwangua kiini kwa kisu: ndani kukiwa kweupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, rudisha. Isipite bomba moja na nyaya za umeme.

Kwenye kubana plagi za waya ndipo wengi wanapokosea: wanafuatanisha jozi kwenye pini 1-2, 3-4, 5-6. Testa ya taa inawaka 1 hadi 8 vizuri kabisa, lakini 3 na 6, zinazotakiwa kuwa jozi moja, hazijasokotwa pamoja, mawimbi yanaingiliana na kasi inaporomoka. Ncha zote mbili, pini 1 hadi 8: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Na weka lebo kabla ya kubana.