Nimepigwa na fundi wa meko: bomba futi 4 kwenye dohani ya futi 24, na mtoto kitanda chake kiko hapo hapo!!

Wakuu habari za humu. Naandika nikiwa na hasira, nikikosea mahali mnivumilie, wiki hii sijalala vizuri.

Niko Worcester, Massachusetts, mwaka wa tisa huu. Kwetu Njombe, kwa hiyo asije mtu kuniambia sijui baridi wala sijui kuni, nimekulia jikoni kwa bibi moshi ukitafuta njia kwenye bati. 2023 tukanunua nyumba ya zamani, ya 1952, sebuleni ina fayapleisi ya matofali na dohani yake inapanda katikati ya nyumba, inapita ghorofani ukutani kwenye chumba cha dogo halafu ndio inatokea juu ya paa. Hita yetu inatumia mafuta, na ikifika Januari nikiangalia bili natoka jasho huku nje theluji imefika magotini.

Sasa kwa wasiojua, fayapleisi ya wazi ni pambo tu. Ukiwasha unaona moto mzuri, miguu inapata joto, lakini dohani inanyonya hewa ya chumba kizima inaitoa nje, vyumba vya nyuma vinazidi kuwa friji. Dawa yake ni inseti, yaani jiko la chuma lenye mlango wa kioo ambalo linachomekwa ndani ya yale matofali, moto unafungiwa, kuna na feni ya kusukuma joto sebuleni. Kuni kidogo, joto jingi. Hilo nilikuwa nalijua na sijutii.

Ninachojutia ni nani nilimpa kazi.

Mnakumbuka ile nafuu ya kodi ya serikali kuu, ulikuwa unarudishiwa 30% mpaka dola 2,000 ukifunga jiko la kuni lenye ufanisi wa kuanzia 75%? Ilikuwa inaisha 31 Desemba 2025. Basi Novemba jamaa mmoja kwenye grupu letu la WhatsApp akanielekeza kwa fundi, mwenzetu kabisa wa Afrika Mashariki, anaongea Kiswahili kitamu, kaja nyumbani kala ugali, kamsalimia bi mkubwa shikamoo mbili mbili. Akaniambia kaka, mwezi ujao nafuu inakufa, tufunge sasa hivi. Bei dola 5,600, jiko, laina (bomba la kupitisha moshi ndani ya dohani), kila kitu. Makampuni mawili ya hapa yalikuwa yameniambia zaidi ya elfu nane. Nani angekataa?

Nikamuuliza kuhusu kibali cha halmashauri. Akasema kibali kitakupotezea mwezi mzima, ila kama unakitaka sana kachukue mwenyewe kwa jina lako. Nikaona maneno ya mtu mzoefu. Nikamtumia hela YOTE siku hiyo hiyo kwa simu. Ndio, yote. Tukaneni mkimaliza kusoma.

Kazi ilichukua masaa matatu. Watu wawili, ngazi moja, na ngazi yenyewe haikutoka kwenye gari. Hapo tu ningeshtuka! Laina ni bomba la stenlesi ambalo linatakiwa kuanzia kwenye shingo ya jiko lipande ndani ya dohani mpaka juu ya paa, sasa unalishushaje bila kupanda juu? Mimi nilikuwa kazini, mama watoto alikuwepo ila hakujua aangalie nini, akawapikia chai.

Jiko likawaka. Wiki ya kwanza raha, bi mkubwa kavuta kiti pale hatoki. Wiki ya pili kioo kinakuwa cheusi tii kila asubuhi. Ukifungua mlango kuongeza kuni moshi unakurudia usoni. Nikampigia fundi, akasema kuni zako mbichi. Na kweli hapo sikatai sana, nilikuwa nimenunua mwaloni, wanauza kwa kipimo kinaitwa kodi (sio ya TRA, hii ni futi za ujazo 128), muuzaji akaapa ni mkavu, nikanunua kile kimita cha unyevu nikapasua gogo nikapima katikati, 31%. Inatakiwa chini ya 20. Mwaloni huku unataka hata miaka miwili ukae umepangwa, juu umefunikwa ubavuni upepo unapita. Kwa hiyo nikajilaumu mwenyewe, nikanunua kuni nyingine, nikaendelea kuchoma. Yule fundi alijua kabisa tatizo ni nini, akaacha nihangaike na kuni.

Halafu dogo. Ana miaka sita, kitanda chake kimegusa ule ukuta ambao dohani inapita nyuma yake. Mwezi wa kwanza ile baridi kali akawa anatuambia "baba ukuta wangu una moto kama chapati". Tunacheka. Bi mkubwa anasema afadhali mjukuu wangu analala pa joto. Mimi mwenyewe nimeweka mkono pale nikasema hee nyumba inapata joto mpaka juu, hela yangu imefanya kazi.

Sasa hivi nikikumbuka nilivyokuwa nacheka mwili unanisisimka.

Kilichotuokoa ni bima. Bima ya nyumba walikuwa wanahuisha mkataba, wakatuma fomu, je una jiko la kuni, leta karatasi ya kibali na ya ukaguzi. Sina. Nikampigia fundi, akasema atanitumia. Akasema tena atanitumia. Ikabidi nitafute fundi mwingine, mzee mmoja wa hapa mwenye leseni, aje afanye ukaguzi wa kamera ili nipeleke kitu. Kumbe huo ukaguzi kwa kanuni za hapa, NFPA 211, unatakiwa ufanyike KABLA hujabadilisha kifaa kinachotumia dohani, wanauita ukaguzi wa daraja la pili. Yule wangu alikagua kwa tochi ya simu.

Mzee kapanda juu kashusha kamera, akaniita nije kuangalia skrini. Unaona vigae vya udongo, vile vya ndani ya dohani, vyeusi vinang'aa kama vimepakwa lami. Kamera inashuka, vigae viwili vina ufa wa kuingia kidole. Inashuka, inashuka, sioni bomba. Nikamuuliza laina iko wapi? Akasema subiri. Karibu kabisa na chini, futi 4 hivi juu ya jiko, ndio kinaonekana kipande cha bomba kimesimama peke yake mdomo wazi kama mtu aliyesahaulika stendi. Dohani futi 24, laina futi 4. Moshi wote unamwagwa hapo halafu ujitafutie njia.

Na nilimlipia laina ya futi 25 jamani, imeandikwa kwenye meseji!!

Yule mzee akanipa somo pale pale kwenye theluji. Jiko langu shingo yake ni inchi 6, eneo lake inchi za mraba 28. Tundu la dohani ya zamani kwa ndani ni kama 126. Moshi unatoka sehemu nyembamba unaingia kwenye uwanja wa mpira, unapoa, unapunguza mwendo, mvuke na lami vinaganda kwenye vigae, hiyo ndio kriosoti. Kanuni inasema kwa dohani iliyo ndani ya nyumba tundu lisizidi mara tatu ya shingo ya jiko, kwa iliyo ukuta wa nje mara mbili tu kwa sababu inapoa zaidi. Langu zaidi ya mara nne. Na haya majiko ya kisasa yanabakiza joto jingi chumbani kwa hiyo moshi wake unatoka na joto dogo kuliko wa moto wa wazi, yaani ndio yanahitaji bomba la saizi yake kuliko hata ya zamani. Kriosoti ikifika ile hatua ya kung'aa haitoki kwa brashi ya kawaida, na ikishika moto dohani inaweza kufika nyuzi 1,100 za Selsiasi. Vigae vyenye ufa havizuii kitu hapo.

Akapanda darini akarudi kimya. Mbao za fremu zimegusa matofali ya dohani. Hapa kanuni inataka inchi 2 za nafasi tupu kwa dohani ya ndani ya nyumba. Nyumba nyingi za zamani hazina, ndio maana laina inavikwa blanketi la nusu inchi lisiloungua halafu wavu wa chuma juu yake, ili matofali yasipate moto kiasi hicho. Mbao moja imeshakuwa ya kahawia iliyokolea. Inaweza kuwa kazi ya wenye nyumba waliopita, inaweza kuwa yangu. Ubao ukipikwa polepole muda mrefu unabadilika ndani kwa ndani, unakuja kuwaka kwenye joto ambalo ubao mpya usingewaka. Hiyo mbao iko juu ya chumba cha nani? Sisemi.

Tukachomoa jiko kidogo. Pale kwenye dampa, yaani kile kifuniko cha chuma cha kufunga na kufungua dohani, badala ya kuweka bamba la chuma lililofungwa vizuri na pamba ya mawe, wameshindilia ile sufi ya pinki ya kuwekea ukutani, ILE YENYE KARATASI. Karatasi imeungua imekuwa nyeusi, nimepiga picha. Rafu ya mbao juu ya meko nayo iko karibu kuliko kibati cha nyuma ya jiko kinavyosema, kibati ambacho kimeandikwa inchi zote wazi kabisa, mtu angesoma dakika mbili tu. Mimi pia ningesoma.

Tulizima siku hiyo hiyo. Dogo analala chumbani kwetu. Alamu za kaboni monoksaidi zilikuwepo kila ghorofa kwa sababu Massachusetts ni sheria tangu 2006, na sisi tunaoijua hiyo gesi kwa habari za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani na hawakuamka, hiyo moja angalau sikuizembea.

UPDATE 1: Naona wengi mnauliza "sasa kazi ya kweli inakuwaje". Mzee kaniandikia: kwanza kuparua na kusafisha kriosoti yote maana huruhusiwi kufunika uchafu kwa laina mpya, kung'oa dampa, laina moja nzima ya stenlesi inchi 6 yenye blanketi inashushwa kutoka juu, inafungwa kwenye shingo ya jiko kwa skrubu, juu bamba na kofia yenye wavu, chini bamba la kuziba. Kibali anachukua yeye, inspekta anakuja, kila mwaka inakaguliwa. Dola 4,300 juu ya zile 5,600. Piga hesabu wewe mwenyewe kama nilipata bei rahisi.

UPDATE 2: Mkuu uliyesema "ungechukua kibali mwenyewe ungekuwa salama", hapana, hebu soma sheria ya huku. Fundi wa nyumba Massachusetts anatakiwa awe amesajiliwa, na wa majiko ya kuni awe na leseni yake maalumu. Hatakiwi kukudai advansi zaidi ya theluthi moja, labda vifaa vya oda maalumu vigharimu zaidi ya hapo. Na ukichukua kibali kwa jina lako wewe mwenye nyumba, unajitoa kwenye ule mfuko wa kufidia watu waliodhulumiwa na mafundi. Kwa hiyo fundi akikwambia "kachukue mwenyewe" elewa anakukwepa, wala hakusaidii. Nimetafuta jina lake kwenye orodha ya usajili ya jimbo, inatafutwa bure mtandaoni, dakika moja. Hayupo. Dakika moja ambayo Novemba sikuitumia kwa sababu mtu alisema shikamoo vizuri.

Na wewe unayesema nisianike mwenzetu, sijataja jina wala sitataja. Ila yeye aliponiambia kuni zangu mbichi alikuwa anajua kuna futi 20 za dohani tupu juu ya kichwa cha mwanangu. Uwenzetu uliishia pale.

UPDATE 3: Amejibu leo. Nilimtumia picha ya kamera, picha ya karatasi iliyoungua, na meseji yake mwenyewe ya "laina futi 25". Kajibu hivi: "Kaka sawa nimeona, ila hata bila laina jiko si linawaka?"

Mahakama ya madai madogo hapa mwisho dola 7,000, kwa hiyo 5,600 inaingia. Mwenye uzoefu wa Worcester au jirani anijuze, meseji za WhatsApp za Kiswahili zinakubalika hivi hivi au inabidi nitafute mtafsiri wa kiapo kwanza? Nataka nifungue Jumatatu.