MREJESHO: Mwenye nyumba aliyetaka nihame kabla kodi haijaisha

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu mwenye nyumba wangu hapa Dar. Nimelipa kodi ya miezi sita na mkataba upo, lakini katikati akanipa wiki moja nihame, eti kapata mnunuzi. Akakata na umeme.

Asanteni sana mlioniambia nisihame wala nisigombane naye. Nilikwenda serikali ya mtaa, mwenyekiti akatuita wote wawili. Nikaweka mezani mkataba na risiti. Mzee akawa anarudia tu, "Nyumba ni yangu." Ni yake kweli, lakini Sheria ya Ardhi, Sura 113, inamtaka aniache nikae kwa amani muda niliolipia, mradi natimiza masharti yangu. Akiuza, anauza nyumba yenye mpangaji ndani, na mnunuzi lazima aambiwe hivyo. Hapo ndipo alipolegea.

Tungeshindwana, tungekwenda Baraza la Kata. Wengi hawajui kwamba tangu 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui kesi. Siku 30 zikipita bila suluhu, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Umeme umerudi, nakaa hadi kodi iishe. Kitasa cha jikoni alicholalamikia nimekibadilisha kwa hela yangu, maana kilivunjwa na wanangu, na kutunza nyumba ni wajibu wa mpangaji. Nikitoka nitapiga picha kila chumba, tukikabidhiana funguo mbele ya mjumbe.