Darasa la sita, watoto 87, na taa iliyogoma kuwaka: walimu wa sayansi nishaurini

ChakiMkononi:
Habari za jioni wakuu. Nafundisha Sayansi na Teknolojia darasa la sita, shule ya serikali nje kidogo ya mji wa Morogoro. Darasa moja, watoto 87, kipindi dakika 40. Maabara hatuna, umeme darasani hakuna, vitabu wanachangia watatu watatu.

Jumanne nilikuwa na mada ya sakiti ya umeme. Nimechoka kuchora betri ubaoni, nikasema safari hii waone kwa macho. Nikanunua kwa hela yangu taa kumi za LED, zile ndogo nyeupe, betri moja kubwa ya tochi na waya. Nikaunganisha mbele yao. Kimya. Nikageuza. Kimya. Nyuma huko sauti ikasema, “Mwalimu, luku imeisha!” Darasa lote likaangua kicheko. Mimi nami nikacheka, ila kipindi kilishakufa, nikarudi kwenye mchoro.

Naomba mawazo ya vitu vya bei ya chini ambavyo mmewahi kuvitumia wenyewe na vikakubali. Na mnawezaje kuwapa watoto 87 kitu cha kushika bila darasa kugeuka soko la Mawenzi?

FundiRedio_TZ:
Mwalimu, mimi si mwalimu ila taa ndiyo chakula changu. Hukukosea kuunganisha. Betri moja ya tochi ni volti 1.5, na LED nyeupe inataka kama volti 3. Hata ungegeuza mpaka jioni isingewaka. Weka betri mbili kwa mfuatano, chanya ya hii iguse hasi ya ile. Halafu LED ina upande: mguu mrefu unaelekea chanya, mfupi hasi. Ukikosea haiwaki.

Tahadhari moja: LED nyekundu inatosheka na volti 2 hivi, ukiipa 3 moja kwa moja utaiunguza. Hiyo iwekee rezista ya omu 100, kile kijifaa kinachopunguza umeme unaopita. Nyeupe na bluu ziko salama na betri mbili.

Na usinunue LED mpya! Nenda kwa fundi yeyote ukaombe tochi mbovu. Tochi moja ina LED sita mpaka kumi, na mara nyingi kilichokufa ni betri ya ndani au swichi, taa zenyewe nzima.

MamaWaSayansi:
Fundi kamaliza upande wa umeme. Mimi niongezee kuhusu kushikilia, maana hapo ndipo kipindi huliwa. Mtoto ana mikono miwili, sakiti inataka minne. Chukua karatasi ya daftari lililojaa, izungushe iwe bomba, tumbukiza betri mbili humo, funga mpira. Ncha za waya zibane kwa vibanio vya nguo. Ukishafanya hivyo kikundi cha watoto sita kinajitegemea, wewe unazunguka tu.

Mengine niliyofanya mwenyewe na yakakubali:

Asidi na besi kwa rozela. Chemsha maua makavu kidogo, chuja, gawa kwenye vifuniko vya chupa za soda. Kifuniko kimoja dondoshea ndimu, kingine maji ya magadi. Cha ndimu kinang'aa wekundu, cha magadi kinageuka kijani cheusi cheusi. Watoto wanapiga kelele kama wameona mazingaombwe. Halafu waache walete vya kwao: sabuni, maji ya majivu, maziwa mgando, ukwaju. Kikombe kimoja cha rozela kinatosha darasa zima.

Wanga kwa tone la ayodini ya duka la dawa. Ugali, muhogo, wali, nyanya, nyama. Penye wanga panakuwa bluu nyeusi. Usiwaachie chupa mkononi, inatia madoa kwenye mashati na kesho yake mama zao wako getini.

Kijana_wa_Mtihani:
Samahani nitaonekana mbaya. Haya yote mazuri, lakini mtihani wa darasa la saba hauulizi rozela. Mkuu wa shule anataka wastani. Ukimaliza wiki mbili kwenye sakiti, mada nyingine utafundisha lini? Past paper tu mwalimu.

MamaWaSayansi:
Kijana, wiki mbili nani kasema? Rozela ni dakika 25. Na mtihani unauliza hivi: “Balbu ipi itawaka?” halafu michoro minne. Mtoto aliyewahi kuunganisha mwenyewe anajua mchoro ambao waya hazijarudi kwenye betri hauwezi kuwaka. Aliyekariri anabahatisha.

Dogo_Mvumbuzi:
Kama hela ya betri shida, pasueni betri zilizokwisha, ndani kuna kijiti cheusi cha kaboni na gamba la zinki, mnatengeneza betri ya ndimu.

FundiRedio_TZ:
Dogo, hapana. Usiwape watoto 87 betri wapasue. Zile za alkalaini zina maji yanayounguza ngozi na macho, na unga mweusi wa ndani si wa kuchezea. Betri ya ndimu ifanye kwa msumari wa bati, ule wa mabati wenye zinki juu, na kipande cha waya wa shaba. Ndimu moja haifiki volti 1, kwa hiyo panga nne mfululizo, na LED itawaka kwa unyonge, iangalieni kwenye kivuli. Ndimu zikishatumika zisiliwe. Na jambo la kwanza kabisa la kuwaambia: hakuna kugusa soketi ya nyumbani, ile ni volti 230, haina utani.

MstaafuLushoto:
Mwalimu, hicho kicheko kisikuumize. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Magamba hapa kwetu Lushoto, aliona askrimu aliyoiweka kwenye friza ikiwa moto imeganda kabla ya ya mwenzake iliyopoa. Akauliza, akachekwa. Baadaye akamuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyetembelea shule yake. Osborne akarudi akajaribu, na mwaka 1969 wakaandika makala pamoja. Mpaka leo wataalamu wanabishana kama jambo lenyewe hutokea kweli, na kwa nini.

Nakwambia hivi kwa sababu taa yako iliyogoma ilikuwa somo zuri kuliko ambayo ingewaka. Ungewauliza: kwa nini? Mimi kabla ya jaribio lolote nilikuwa nawaandikisha kwanza, kila kikundi kipande cha karatasi: itawaka, haitawaka, kwa sababu gani. Ukiwa umeandika, huwezi tena kuangalia dirishani, unataka kujua kama umepatia. Kelele zinapungua zenyewe. Na nusu ya darasa toa nje chini ya mwembe na kazi ya kuandika, nusu wabaki na vifaa, kisha wapishane.

ChakiMkononi:
Shikamoo mzee wangu, na asanteni wote. Narudisha mrejesho, wiki imepita.

Tochi mbovu nne nilipewa bure, nikapata LED 29. Makundi saba ndani, saba nje. Utabiri kwanza, kama mzee alivyosema. Makundi matano yalisema betri moja itawasha, “maana tochi ya baba ina betri moja”. Haikuwaka, wakanuna. Betri mbili, ikawaka, na hapo sikuweza kusikia sauti yangu mwenyewe kwa dakika nzima.

Baadaye niliwaambia waweke kitu katikati ya waya: msumari, kijiti, kipande cha khanga, sarafu. Binti mmoja ambaye tangu Januari sijawahi kumsikia akijibu swali alichonga penseli ncha zote mbili, akagusisha waya huku na huku. Ikawaka. Mwenzake akamwambia mbao inapitisha umeme. Akakataa. Akashusha waya pembeni, kwenye mbao yenyewe, taa ikazima. Akarudisha kwenye ncha, ikawaka. Hakusema neno, alifanya hivyo mara tatu mpaka mwenzake akakubali.

Mkuu wa shule alikuja kwa sababu ya kelele. Alisimama mlangoni, akaomba ile penseli.

Wiki ijayo nina sumaku na sina hata moja. Zile za dukani bei zake hazishikiki.

FundiRedio_TZ:
Spika iliyokufa, mwalimu. Nyuma yake kuna sumaku ya duara, ukiigonga taratibu inabanduka. Ninazo kama kumi na mbili kwenye ndoo, nitumie ujumbe nikupakilie kwenye basi.