Naomba ushauri: mashine ya plazma kwa meza ya CNC niliyojiundia

Wakuu, habari za majukumu. Nina karakana ndogo uani, Tabata, natengeneza mageti na grili. Kwa miezi saba nimeunda meza ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya futi 4 kwa 4 (mke wangu anaiita kitanda cha chuma). Mota zinatembea, kalamu inachora maua safi kabisa. Imebaki mashine ya plazma, ya kukatia chuma kwa moto wa umeme.

Wiki iliyopita niliazima ya rafiki, ile ya bei poa inayowasha moto kwa umeme wa masafa ya juu (high frequency). Kubonyeza swichi tu, cheche ikaruka, laptop ikazima skrini na meza ikagota pembeni kama imepagawa. Nikafunga ethi upya na kutenga nyaya, bado. Ndiyo maana nawaza ile inayowasha kwa kusukuma hewa, ingawa madukani Gerezani bei yake imenitoa jasho.

Nakata zaidi shiti za milimita 2 na 3, mara chache 6. Umeme wangu ni fezi moja. Ampea 40 zitatosha, au nijibane nichukue 60? Muuzaji anasema duty cycle ni asilimia 60, yaani dakika 6 za kukata katika kila 10, lakini kwa joto letu la Februari simwamini sana.

Halafu kompresa: yangu ya lita 50 inatema maji kwenye bomba, na unyevunyevu unakula nozeli. Chujio moja linatosha, au mnafunga mawili?

Aliyewahi kufunga tochi (kichwa cha kukatia) ya mashine iliyonyooka badala ya ile ya mkono, anieleze alivyofanya.