Tupeane uzoefu: vijana wanaoshona nguo za makopo (chupa za plastiki), sandarusi na pakiti za krips, kwenu ilikuwaje?

Mama Kimara (mwenye uzi)

Habari za saa hizi wakuu. Nina binti yuko kidato cha tatu, kajiunga na vijana fulani wa kujitolea hapa mtaani, siyo mambo ya shule, wanakutana jumamosi wanazoa taka kwenye mitaro halafu wanazifanya nguo. Sasa hivi uani kwangu kamba ya kuanikia haina nafasi ya nguo za watu, imejaa pakiti za krips zimeoshwa zimebanwa na vibanio kama dagaa wa Mwanza. Wanajiandaa na tarehe 5 Juni, siku ya mazingira duniani, kutakuwa na shoo.

Nililalamika mwanzoni, akanikalisha akanionyesha picha za vijana wenzao wa Lagos, Nigeria, wana onyesho lao linaitwa Trashion Show, mtoto wa miaka kumi na kitu kavaa gauni la mifuko ya maji anatembea mkogo mtupu, nikanyamaza.

Ila sasa nina maswali. Kuna mtu humu amewahi kushona hizi nguo, au kuzivaa, au kusimamia vijana? Kipi kinashonekana na kipi kinapoteza muda? Na mkimaliza shoo kuna kitu kilibadilika mtaani au mlipiga picha mkaondoka? Tusileteane picha za mtandaoni, leteni ya kwenu.

Fundi wa Tandika

Mama umekuja penyewe. Mimi fundi cherehani, vijana waliniletea kazi hizi baada ya mafundi wawili kuwafukuza, na siwalaumu maana plastiki inaharibu mashine kama hujui unachofanya.

Nianze na sandarusi, hizi za mchele, sukari, unga wa ngano. Ndiyo kitambaa kizuri kuliko vyote kwenye taka zote, inakaa, inashika umbo, sketi ya mwamvuli inasimama yenyewe bila kuwekewa kitu ndani. Lakini usichukue iliyokaa juani. Ukiikunja na ikatoa unga unga mweupe mkononi achana nayo, jua limeshaila, itakatikia mwilini kwa mtu na vile vipande vidogo ndo vinarudi mtaroni vikiwa vibaya zaidi maana hata kuviokota huwezi. Kingo zake zinafumuka sana, kunja mara mbili ndo upige mshono, au pitisha moto wa kiberiti cha gesi kwa mbali, mtu mzima afanye siyo mtoto.

Sindano namba 16, mshono uwe MREFU. Hapa ndo wengi wanaharibu, wanapiga mshono mfupi wakidhani unashika zaidi, kumbe kila tundu kwenye plastiki halijifungi, ukitoboa karibu karibu umeshatengeneza mstari wa kuchania. Usitumie pini pia, sababu ni hiyo hiyo, bana na vibanio vya nguo. Mguu wa cherehani ukigoma kuteleza weka ukanda wa karatasi juu, shona navyo pamoja, ukimaliza unauchana unatoka. Halafu fungua mashine pigeni brashi mtie mafuta, nyuzi za sandarusi zinajikusanya chini ya bobini.

Ndani weka bitana ya shuka kuukuu au kanga iliyochoka. Bila bitana huyo mtoto atatoka vipele.

Mama Kimara

Fundi ubarikiwe, hiyo ya mshono mrefu binti kasoma kapiga kelele, kumbe ndo kilichowachania bodisi juzi. Na za krips je?

Fundi wa Tandika

Krips hazipendi mshono, zinapendeza ukizikunja vikanda ukazisuka mkeka, au ukazipanga kama magamba ya samaki juu ya kitambaa kingine. Osheni na sabuni ya unga na maji ya moto mpaka mafuta yaishe, vinginevyo sisimizi watahamia kwenye gauni kabla ya mvaaji. Upande wa fedha wa ndani ndo mzuri jukwaani, unashika taa.

Vifungashio vile vyepesi mnaweza kuvigandisha kwa pasi, mnapanga tabaka tano sita, juu na chini karatasi ya kuokea, pasi iwe moto wa nailoni, mlango na madirisha wazi. Vinakuwa kitu kama ngozi. ILA jamani msipige pasi kila plastiki mnayookota! Mapazia ya bafuni, vitambaa vya meza vya plastiki, mabomba, vingi ni plastiki aina ya PVC, moshi wake ni sumu. Na stairofomu, yale maboksi meupe mepesi ya chakula, vile vile kaeni nayo mbali na moto.

Nilivaa 2019

Mimi naongea kama mvaaji. Ilikuwa mwaka ule serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, Juni mosi 2019, mnakumbuka purukushani ile, kila mtu alikuwa anaitoa mifuko ndani. Sisi tulikuwa kidato cha pili, tukasema tuitumie ile ile mifuko kabla haijapotea, mimi nikavaa gauni refu la mifuko ya rambo nyeusi na mabega ya makopo yaliyokatwa.

Joto!!! Hakuna mtu anayekwambia kuhusu joto. Plastiki haipumui, ukitembea hatua kumi jasho linatiririka mgongoni mpaka kwenye viatu, na makopo yaliyokatwa yana makali, yalinikwaruza shingo nzima. Ushauri wangu: kingo za kopo zipitisheni karibu na moto wa mshumaa zijikunje kidogo, na mvaaji asivalishwe mpaka dakika za mwisho. Halafu kukaa huwezi, kwa hiyo mtafutieni stuli ndefu.

Kilichoniuma lakini siyo hicho. Mgeni rasmi alitusifia sana, akahutubia weee kuhusu mazingira, wakati anahutubia kila mtu meza kuu ana chupa mbili za maji mbele yake, na sisi wenye mavazi tukapewa kila mmoja chupa yake na mrija. Tulipomaliza uwanja ulikuwa mchafu kuliko tulivyoukuta. Tukaokota wenyewe tukiwa na magauni. Kuna rafiki yangu akachomeka chupa ya mgeni rasmi kwenye mkanda wake tukacheka mpaka machozi, nahisi ndiyo hotuba iliyokuwa nzuri kuliko zote siku ile.

Mnunuzi wa Makopo

Nawasoma tu. Sasa nisemeje bila kuonekana nawavunja moyo vijana...

Mimi nanunua makopo kwa kilo, wananiletea waokotaji, kina mama wengi na vijana wa mtaani, ndo mkate wao. Kopo la maji halilali barabarani siku hizi, likianguka asubuhi mchana limeshaokotwa. Kwa hiyo klabu inapokuja na magunia kuzoa makopo safi ili wakatengeneze mabega ya gauni, mnamnyang'anya mtu aliyekuwa anayasubiri, halafu gauni likishavaliwa mara moja makopo yenyewe mmeyapaka rangi na gundi, mimi siyachukui tena, kiwandani wanayakataa. Yalikuwa mali mkayafanya takataka. Samahani lakini ndo ukweli.

Mkitaka kusaidia chukueni kile ambacho hakuna anayekinunua. Pakiti za krips, za biskuti, za sabuni ya unga, zile zina plastiki na tabaka la alumini zimegandana, hakuna wa kuzitenganisha, hamna skrepa hata moja inazitaka. Mirija. Vifungashio vyepesi vya karanga na barafu. Hivyo ndivyo vinavyoziba mitaro mkaona maji yameingia ndani.

Mama Kimara

Duh. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa na nadhani hata wao. Ngoja niwasomee jumamosi.

Nilivaa 2019

Mnunuzi kasema kweli. Na niongeze, ile marufuku iligusa mifuko ya kubebea tu, vifungashio vya bidhaa viliachwa, ndo maana tukaanza kuona watu wanabebea nyanya kwenye vifungashio. Mifuko mbadala nayo ile laini ya rangi rangi watu wanadhani ni kitambaa, ni plastiki ile, choma kauzi kake uone kanavyoyeyuka. Vijana wakishona gauni la mifuko mbadala pekee watafungua macho ya wengi.

Mwalimu wa Kisauni

Salaam alaykum wenzangu wa bara. Huku Mombasa mie nasimamia vijana wa mtaa, na sisi taka yetu haitoki kwenye mtaro, yatoka baharini. Kenya mifuko ilipigwa marufuku tangu Agosti 28, 2017, na adhabu yake si mchezo, faini yaanzia shilingi milioni mbili za Kenya, na 2020 wakaongeza, fukwe na mbuga za wanyama usiingie na plastiki za kutumia mara moja. Lakini bahari haisomi gazeti la serikali, maji yakijaa yatuletea champali, ndala hizi, kutoka nchi ambazo hata hatuzijui.

Champali ni mali safi kwa mapambo. Mwakata duara ndogo ndogo na kisu kikali, mwatunga kwa uzi wa nailoni wa kuvulia uliookotwa hapo hapo ufuoni, zatoka kola, mikanda, vikuku. Zisugueni na brashi ya meno mchanga wote utoke, la sivyo mchanga wakwaruza shingo. Rangi zake zimefifia kwa jua na chumvi, zapendeza hivyo hivyo, msizipake rangi jamani.

Watoto wetu walipata moyo kwa lile jahazi la Lamu, Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki na champali chini ya fundi Ali Skanda, likateremshwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Karibu tani 10 za plastiki na champali elfu 30 hivi. Wakaniambia mwalimu, kama chombo chaenda baharini basi koti haliwezi kutushinda. Nikakosa jibu.

Wa Eastlands

Sisi Nairobi tulifanya shindano na vijana wa estate, na nataka kuwaonya kitu kimoja. Mwaka wa kwanza aliyeshinda alikuwa amevaa gauni moja kali sana, inang'aa vibaya, watu wakasimama. Baadaye mamake akajisifu hadharani vile alizunguka mjini akanunua foili mpya, mabaluni mapya na roli nzima ya mifuko ya takataka. Mpya! Hiyo si takataka, hiyo ni shoping. Yule kijana aliyekuwa ameshona koti na magunia yaliyotoka jalala la Dandora, yakiwa bado na maandishi ya kampuni ya unga, hakupata kitu.

Tukabadilisha sheria. Kuna siku ya kuokota, kila mmoja anajaza gunia lake, linapimwa linafungwa, na nguo itoke ndani ya hilo gunia peke yake. Cha kununua ni uzi na sindano basi. Nguo zikapungua urembo nakubali, picha hazikupata laiki kama za kwanza, lakini ukimuuliza kijana hii umetoa wapi anakuonyesha mtaro wenyewe. Siku ya kuokota ndiyo ilifanya wazazi watoke nje kuuliza mnafanya nini, shoo yenyewe walikuja kupiga picha tu.

Mbongo Lagos

Mama Kimara hao vijana wa Lagos nawajua maana naishi upande wa Lekki kikazi. Onyesho liko chini ya Greenfingers Wildlife Conservation Initiative, watu wa kuokoa wanyamapori, na ndo utaelewa kwa nini wanahangaika na plastiki, wanaona inavyowafika wanyama. Vijana wanaanza kwa kuzoa taka ndo wanakuja kushona.

Huku mfalme wa taka ni pyua wota, maji ya kunywa kwenye kifuko kidogo cha plastiki, unang'ata kona unafyonza unatupa. Mvua ikinyesha mji unaogelea. Jimbo la Lagos lilitangaza marufuku ya stairofomu za kubebea chakula Januari 2024 lakini pyua wota ni kinywaji cha mlalahoi, ukiipiga marufuku asubuhi jioni watu hawana maji ya kunywa. Sasa kijana anaposimama jukwaani na mamia ya vile vifuko, kila aliyekaa pale anajua alikunywa kimoja akiwa njiani kuja. Bongo mtafute kitu chenu cha namna hiyo, msiige cha Lagos.

Wa Bukavu

Sisi huku Bukavu chupa zinaelea Ziwa Kivu zinateremka mpaka bwawa la Ruzizi, zinaziba mitambo, umeme unakatika. Vijana wetu walishona koti ya chupa na waya za umeme zilizooza, wakaandika mgongoni "Nani alizima taa?" Hakuna mtu aliuliza maana yake.

Mama Kimara

Wakuu nimerudi. Niliwasomea jumamosi nzima. Kulizuka ubishi mkubwa, kuna kijana alishamaliza mabawa ya makopo kama ya malaika, kakataa katakata kuyavunja, ya kwake yamebaki. Makopo mengine wamempelekea mama anayeokota mtaani kwetu, akawauliza mbona mmeyapondaponda hivi, basi akawafundisha namna ya kuyakanyaga yakae vizuri kwenye gunia. Sasa wameamua gauni kubwa la mwisho liwe la pakiti za krips na vifungashio tupu, na mlangoni kutakuwa na ndoo za maji na vikombe vya bati, mgeni rasmi akitaka chupa atoke nayo kwake.

Kilichobaki ni vifungo. Fundi, vizibo vya soda tunavitobolea na nini bila kuvipindisha?

Fundi wa Tandika

Msumari wa inchi mbili, kizibo kiwe juu ya ubao laini, tumbo lake liangalie juu, piga nyundo mara moja tu. Halafu lile tundu lisugue kwa tupa kabla ya kupitisha uzi, vinginevyo litakata uzi jukwaani.