Je, dirisha fiche linatosha kuficha ninachosoma mtandaoni?

Mkazi wa Nkuhungu, Dodoma:
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninasoma habari za ugonjwa ambao bado sijamweleza mtu yeyote nyumbani, wakati mwingine kwa simu yangu, wakati mwingine kwa kompyuta ya stesheneri iliyo karibu na Soko la Majengo. Kila mara hufungua dirisha fiche (Incognito) la kivinjari cha Chrome. Je, kuna anayeweza kuona ninachosoma? Nimeshauriwa pia kutumia VPN, yaani huduma inayopitisha mawasiliano yangu ya mtandao kwenye kompyuta zake (seva) kwanza.

Fundi wa Kizota:
Pole, ndugu yangu. Ukilifunga dirisha fiche, kivinjari husahau kurasa ulizopitia pamoja na vidakuzi vyake (kumbukumbu ndogo zinazowekwa na tovuti), kwa hiyo atakayekaa hapo baada yako hatakuta orodha ya kurasa hizo. Lakini ikiwa kompyuta hiyo ina programu inayonasa kila herufi inayochapwa, dirisha fiche halikukingi hata kidogo, na hiyo ndiyo sababu ninakusihi uache kabisa kutumia kompyuta ya watu kwa jambo hili. Kwenye simu, laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole, hivyo kampuni ya simu inajua mwenye laini ni nani. Anwani ya tovuti ikianza na https, yaani mawasiliano yamefungwa kwa siri, kampuni haioni ukurasa unaousoma wala maneno unayoandika, ingawa kwa kawaida huweza kuona jina la tovuti.

Mama Ihumwa:
Kuhusu VPN, elewa kwamba kile kilichokuwa kikionwa na kampuni ya simu sasa kitaonwa na mwenye VPN, na zile za bure zinanitia shaka, kwa sababu kuendesha seva ni gharama na lazima ilipwe kwa njia fulani. Isitoshe, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao, kwa hiyo fuatilia masharti yaliyopo kabla ya kuiweka.

Mkazi wa Nkuhungu, Dodoma:
Ahsanteni sana. Je, nikiwa nimeingia kwenye akaunti yangu ya Google?

Fundi wa Kizota:
Ukiingia kwenye akaunti, hata ndani ya dirisha fiche, Google inaweza kuhifadhi unayoyatafuta. Yasome ukiwa nje ya akaunti. Yaliyokwisha kuhifadhiwa yafute katika historia ya shughuli za akaunti, kisha uweke mpangilio wa kuyafuta yenyewe kila baada ya miezi 3.